Kemba ya Prado iliyonyanyuliwa: amu mpya za juu ni nusu ya kazi

Ukiinua Toyota Prado ya toleo la 120 au 150 kwa milimita 50, kinachoharibika kwanza si kemba, ni kasta. Kemba, yaani tairi kulalia ndani au nje ukilitazama kwa mbele, mara nyingi bado hurekebishika kwa bolti za kiwandani. Kasta, ule mlalo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma, hushuka mpaka gari likaanza kuyumba kwenye mwendo wa barabara kuu na usukani ukawa mzito kurudi baada ya kona. Amu za juu (mikono ya chuma inayoshikilia gurudumu kwenye chesi) zinazouzwa kwa magari yaliyoinuliwa husogeza boljointi ya juu, kiungo cha duara kwenye ncha ya amu, nyuma kidogo ili kasta irudi. Lakini amu nyingi za aina hiyo hazina marekebisho yoyote. Kemba bado inapangwa chini. Fundi akikwambia amu zimefungwa na kemba iko sawa, muulize amegusa nini chini.

Kila amu ya chini imeshikwa kwenye chesi na bolti mbili za kemu, yaani zenye washa ambayo tundu lake haliko katikati, moja mbele na moja nyuma. Ukizizungusha, bushi (mpira wa kiungo cha amu na chesi) husogea ndani au nje. Zote mbili zikienda ndani, sehemu ya chini ya tairi huingia na kemba huelekea chanya. Zikienda nje, huelekea hasi. Ya mbele ikienda ndani na ya nyuma nje kwa kiasi kilekile, boljointi ya chini husogea mbele: kasta hupanda na kemba karibu haibadiliki. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Fundi huzungusha bolti moja mpaka namba ya kemba ikae, na kasta uliyoilipia kwa amu mpya ikaishia humohumo.

Kabla ya kupima chochote, hakikisha amu hazijabadilishwa upande. Zenye kasta ya kujengewa zina kulia na kushoto, na ukizipishanisha boljointi inakwenda mbele badala ya nyuma. Jaza upepo sawasawa, tikisa tairi kusikiliza boljointi za chini, tairodi na beringi, kisha lipime gari likiwa na uzito linaotembea nao: bampa ya chuma, winchi, tangi lililojaa.

Namba ninazozilenga kwa Prado ya kawaida ya safari: kasta digrii 3.5 hadi 4.5, kemba kati ya 0 na hasi 0.5, tofauti ya kemba kati ya pande mbili isizidi 0.3, na tou ya ndani, yaani matairi kukaribiana mbele kuliko nyuma, ya jumla milimita 1 hadi 2. Fuata mpangilio huu: kasta, kemba, tou. Tou iwe ya mwisho kwa sababu kila ukigusa kemu inabadilika. Na tairi likilika upande wa ndani huku ukipitisha kiganja unahisi meno, kosa ni la tou zaidi kuliko kemba. Kemba hula ukingo mmoja ukiwa laini.

Bila mashine inawezekana kabisa, mradi sakafu iwe bapa. Simamisha rula ndefu wima kwenye ukingo wa rimu na uweke kipima pembe cha dijitali. Ukitumia uzi na timazi, kila milimita 7.5 za tofauti kati ya nukta mbili zilizoachana milimita 430 ni digrii moja. Kwa kasta, geuza tairi digrii 20 mbele yake ikielekea nje, soma kemba. Kisha digrii 20 ikielekea ndani, soma tena. Toa ya pili kwenye ya kwanza, zidisha kwa 1.46.

Sasa bolti zenyewe. Kwa magari ya Mombasa na Dar es Salaam, chumvi huigandisha bolti ndani ya kikombe cha chuma cha bushi. Dalili yake: nati inalegea vizuri, lakini ukizungusha kichwa cha bolti amu inajikunja kidogo kisha inarudi palepale. Usiongeze bomba kwenye spana. Utapinda vile vizuizi vya chesi vinavyoibana washa ya kemu, na kuvinyoosha au kuvichomelea upya ni kazi kubwa kuliko kubadilisha bolti. Loweka kwa mafuta ya kutu usiku kucha. Ikikataa, kata pande zote mbili za bushi kwa msumeno na ufunge bolti na bushi mpya. Zipake grisi kabla ya kuzirudisha. Chora alama ya rangi kwenye washa kabla ya kuanza, utajua ulipotoka.

Kukaza mwisho ni gari likiwa chini kwa magurudumu yake, takribani Nm 135 kwa bolti za kemu. Ukikaza likiwa kwenye jeki, mpira wa bushi unashikwa ukiwa umejipinda na utachanika mapema. Kisha pinda usukani hadi mwisho pande zote na uangalie mpira wa breki na waya wa ABS visivutwe na amu mpya.

Barabara zetu huinamia kushoto ili maji yatoke, hivyo gari lililopangwa sawasawa pande zote huteleza kushoto taratibu. Kasta ya kushoto izidi ya kulia kwa digrii 0.3 hadi 0.5, kwa sababu gari huvuta kuelekea upande wenye kasta ndogo.

Tairi kubwa, kama 285/70R17, likianza kugusa nyuma ya tao la gurudumu, punguza kasta ya amu ya juu kama amu yako inarekebishika, kisha uirudishe kwa kemu za chini zinazosogeza gurudumu mbele. Springi mpya hushuka kidogo, kwa hiyo rudi kwenye kipimo baada ya kilomita 500 hadi 1,000.