Umeme wa mtetemo wa upepo: unapofaa na usipofaa

Wakazi wa Mufindi, mkoani Iringa, wamekwisha kuizoea ile mitambo mitatu ya upepo yenye jumla ya megawati 2.4. Wengi huuliza kama lazima pangaboi lizunguke ndipo umeme upatikane. Si lazima. Upepo ukitikisa tu kifaa maalumu, umeme unapatikana, ila kidogo sana.

Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, walionyesha kwamba fuwele kama kwatzi zikigandamizwa hutoa chaji za umeme. Ukibonyeza kiwashio cha jiko la gesi kikalia "tak!", ndani yake kinyundo kimegonga kauri ya piezo, yaani kauri inayotoa umeme ikigandamizwa, nayo ikatoa maelfu ya volti kwa kitambo kidogo mno.

Upepo nao ukipita kwenye bomba la mviringo huacha nyuma yake vizingia vidogo, yaani upepo unaojizungusha, mara kulia, mara kushoto, na bomba huyumba kuvifuata. Zidisha kasi ya upepo kwa 0.2, gawanya kwa kipenyo cha bomba kwa mita: upepo wa mita 5 kwa sekunde kwenye bomba la sentimita 5 hutikisa mara 20 hivi kwa sekunde. Bomba hilo likishikizwa kwenye ubapa mwembamba wa chuma uliobandikwa piezo, na ubapa wenyewe ukiwa na mtetemo wa asili (idadi ya mitikisiko yake kwa sekunde ukiguswa na kuachwa) unaokaribia huo, mtikisiko hukua sana. Hapo ndipo penye ugumu, kwani upepo wa nyanda hizi, kama wa Makambako, haukai kasi moja. Ukibadilika mno, kifaa hunyamaza.

Kifaa cha ukubwa wa kiganja hutoa mikrowati (sehemu za milioni za wati), au miliwati (sehemu za elfu za wati) chache. Kikitoa miliwati 5, taa moja ya wati 5 itahitaji vifaa 1,000. Kwa hiyo anayekuuzia teknolojia hii ya kuwashia nyumba, mkatalie, nunua sola.

Mahali pake ni kwenye sensa (vipimio) za unyevu wa udongo katika mashamba ya chai, au za joto na ukavu ndani ya msitu wa Sao Hill, ambako kwenda kubadilisha betri ni taabu na ukungu wa Juni na Julai huidhoofisha sola. Umeme hupita kwenye diodi, inayouruhusu kwenda upande mmoja tu, hujikusanya ndani ya kapasita, kihifadhi kidogo cha chaji, sensa huamka, hutuma taarifa, hulala tena. Naamini nyanda zetu zinaihitaji kazi hii.

Kauri nyingi za piezo zina madini ya risasi. Ikivunjika usiichome, usiitupe shambani, na watoto wasiichezee.