Maswali na Majibu: Ubaguzi wa Rangi na Afya ya Akili ya Mwanamke Mweusi Nchini Marekani

Maswali haya huulizwa na wanawake wa Kiafrika wanaoishi Marekani, na pia na ndugu zao walioko nyumbani ambao husikia sauti ya dada yao ikibadilika kwenye simu bila kuelewa sababu.

Je, mwanamke mweusi ana kasoro ya kuzaliwa inayomfanya augue zaidi?

Hapana, na ushahidi mzuri wa jambo hili unatoka kwa akina mama wa Kiafrika wenyewe. Mwaka 1997, madaktari Richard David na James Collins wa Chicago walichapisha utafiti kuhusu watoto waliozaliwa jimbo la Illinois. Watoto wa mama weupe waliozaliwa Marekani walikuwa na wastani wa gramu 3,446, wa mama weusi waliozaliwa Afrika gramu 3,333, na wa mama weusi waliozaliwa Marekani gramu 3,089. Kama tatizo lingekuwa katika damu ya Kiafrika, mama aliyetoka Afrika ndiye angekuwa na watoto wadogo kuliko wote. Utafiti wao wa baadaye ulionyesha kwamba nafuu hiyo ya uzito wa watoto hupotea katika kizazi kinachofuata, yaani mabinti wa wahamiaji wanapokuwa nao akina mama. Kinachodhuru ni maisha wanayoishi watu weusi katika nchi hiyo.

Dharau inawezaje kugeuka ugonjwa?

Tumchukue mwanamke anayefanya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Anamkaribia mkazi mmoja ili ambadilishe shuka, mzee yule anausukuma mkono wake akisema hataki kuguswa na mtu mweusi. Moyo unamwenda mbio, lakini anajizuia, anamwita mwenzake, kisha anahamia chumba kinachofuata akiwa na tabasamu lile lile. Wakati huo mwili wake umemwaga adrenalini na kotisoli, homoni zinazomwandaa mtu kupigana au kukimbia, ilhali yeye hawezi kufanya lolote kati ya hayo, kwa kuwa akipaza sauti ataitwa mkali na huenda akaondolewa kwenye ratiba ya kazi. Tukio moja hupita. Likijirudia kazini, dukani na shuleni kwa mtoto wake, mwili hukosa muda wa kutulia, usingizi unavurugika na shinikizo la damu linapanda.

Mtafiti Arline Geronimus alianza kueleza uchakavu huu mwaka 1992. Mwaka 2010 yeye na wenzake walipima ncha za kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli), ambazo hufupika kadiri seli zinavyozeeka, wakakadiria kwamba wanawake weusi wa Marekani wenye umri wa miaka 49 hadi 55 walikuwa wamezeeka kimwili kwa takriban miaka 7.5 zaidi ya wanawake weupe wa rika lao. Sehemu ya tofauti hiyo ilihusishwa na msongo wa mawazo na umaskini.

Dada yangu anafanya kazi mbili, anasomesha wadogo zake na kanisani anaongoza kwaya. Anawezaje kuwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni ya muda mrefu?

Anaweza kabisa, na pengine sifa hizo ndizo zinazoificha sonona yake. Cheryl Woods-Giscombé, muuguzi na mtafiti, aliwasikiliza wanawake weusi wa Marekani na mwaka 2010 akaeleza wanavyojiona wanawajibika kuonekana imara, kuficha hisia, kukataa kumtegemea mtu, kufanikiwa hata pasipo nyenzo, na kuwatanguliza wengine. Tabia hizi ziliwasaidia mabibi zao kuishi katika utumwa na ubaguzi wa kisheria, kwa hiyo si haki kuzibeza. Lakini mwanamke aliyezoea kusifiwa kwa uvumilivu huchelewa kusema kwamba amechoka, na jamaa zake huchelewa kumwuliza.

Sonona yake inaweza isionekane kama kilio. Huweza kujitokeza kama kichwa kisichoacha kuuma, hasira za haraka, kukosa usingizi saa nane za usiku, au kufanya kila kitu bila kufurahia chochote.

Kwa nini wengi hawaendi kutibiwa?

Gharama, bima na uhaba wa wataalamu weusi vinachangia, lakini kutowaamini madaktari nako kuna uzito, na kuna sababu zake. Mwaka 1851 daktari Samuel Cartwright alidai kwamba mtumwa anayetoroka ana ugonjwa wa akili. Mwaka 2016, utafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia uligundua kwamba takriban nusu ya wanafunzi wa udaktari na madaktari vijana weupe walioulizwa waliamini angalau dhana moja potofu, kama vile kwamba ngozi ya mtu mweusi ni nene zaidi. Mcheza tenisi Serena Williams alipojifungua mwaka 2017 na kueleza kwamba anahisi damu imeganda mapafuni, muuguzi alidhani dawa za maumivu zimemchanganya. Kipimo kilithibitisha kwamba alikuwa sahihi. Mwaka 2023, vifo vya uzazi Marekani vilikuwa 50.3 kwa kila vizazi hai 100,000 miongoni mwa wanawake weusi, na 14.5 miongoni mwa weupe. Anayemwambia mwanamke huyu aache woga, aanze kwa kukiri kwamba woga wake una msingi.

Je, maombi hayatoshi?

Imani na ushirika wa waumini huwasaidia wengi sana. Visichukue nafasi ya daktari, kama visivyochukua nafasi yake kwa mgonjwa wa kisukari.

Nikienda kliniki, nitarajie nini?

Mara nyingi utapewa dodoso la maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, mawazo ya kujidhuru. Jibu kama ulivyo, usijibu kama unavyotaka kuonekana. Taja maumivu ya mwili, na pia taja yanayokupata kazini, kwa sababu ni sehemu ya maelezo ya ugonjwa. Una haki ya kuuliza kama yuko mtaalamu mweusi, na malalamiko yako yakipuuzwa, omba yaandikwe kwenye faili lako kama ulivyoyasema. Tiba huwa ya mazungumzo, dawa, au vyote viwili. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, na haifai kuziacha ghafla bila kumwona daktari. Ikiwa umejifungua karibuni au unanyonyesha, sema mapema, maana zipo dawa zinazofaa.

Sisi tulio nyumbani tufanye nini?

Mpigie siku ambayo huna ada ya shule wala dharura ya kumweleza. Mwulize analalaje na anakula nini, kisha umwache aseme hadi amalize. Akitaja kutaka kufa, mwulize waziwazi kama amepanga kujidhuru. Swali hilo halimpandikizii wazo hilo. Akiwa Marekani apige 988, namba ya bure inayopokewa usiku na mchana, na anaweza kuomba mkalimani. Kama tayari amejidhuru au yuko karibu kufanya hivyo, jirani yake apige 911, namba ya dharura ya Marekani, na abaki naye.