Volubilisi mu lupango: kupanda muzuri, na papie yenye batu banasahau

Mvua imesharudi Lubumbashi, na kama kawaida ya hii mwezi ya novemba, batu banaanza kutuuliza, sisi ba servisi ya karantini ya mimea, mambo ya volubilisi, ile maua ya kupanda ku ukuta yenye inafunguka asubui na kujifunga kabla ya saa sita. Bengine banauliza kwa roho nzuri, banataka tu lupango yao ipendeze. Bengine banakuya na kasirani juu sashe yao ya mbegu imekamatwa Kasumbalesa, ku mupaka na Zambia, na kuko bale banakuya kushitaki jirani, juu majani yake imeruka ukuta na iko inafunika matembele ya mama wa pembeni. Basi nijibie bote mara moja.

Tuanze na mbegu, juu pale njo kelele ya kwanza inatokea: "Nilipanda, hakukutoka kitu, banani­uzishia mbegu ya kufa." Mara mingi mbegu haijakufa. Ganda yake iko nguvu sana, maji haiingie, na ukiitupa vile tu mu udongo inaweza kukaa pale wiki na wiki bila kufanya kitu. Shika mbegu moja uiangalie: ni nyeusi, iko na mgongo wa mviringo na ncha moja nyembamba yenye iko na alama ndogo, pale njo ilikuwa imeshikana na mama yake. Pale usiguse. Kwangua ku mgongo, na papie ya kusugulia mbao ao na kikata kucha, kidogo tu mpaka uone weupe, kiisha uiweke mu maji ya vuguvugu usiku mzima. Asubui zile zimevimba karibu mara mbili, panda. Zile zimebakia ndogo na ngumu, kwangua tena na urudishe mu maji, lakini usizisahau mule siku tatu, zitaoza kweli na hapo usilaumu mwenye kuuza.

Unaipanda fasi yenye itabakia, sentimita 1 ao 2 chini, na kati ya mbegu na mbegu uache sentimita 20 ao 30. Haipendi kuhamishwa, mizizi yake ikiguswa inachukia. Kama udongo iko na joto kidogo, itatoka kati ya siku 5 na 14. Majani mbili ya kwanza iko imepasuka katikati sawa mukia ya mbayuwayu, usiseme ni magugu ukang'oa, ile ya umbo ya roho inakuya kiisha. Mambo ya kumwangia maji na kupalilia siwafundishe, bamama ba hapa banajua kunipita.

Kamba sasa. Volubilisi haiko na makucha ya kushika ukuta laini, yeye anajizungusha ku kitu chembamba: kamba, waya, kijiti. Ukuta ya simenti peke yake haimusaidie kitu, atalala chini. Funga kamba za kusimama, metre 2 ao 3, atapanda yeye mwenyewe. Na tafazali, usifunge ile kamba ku poto ya kura (umeme) wala ku fili yenye inaingia mu nyumba. Tunaona hii kila mwaka! Majani yenye maji ya mvua juu ya fili ya SNEL, kampuni ya umeme, haiko mapambo. Kama imeshafika kule, usipande ngazi na panga mukononi, ita batu ba kura.

Ingine yenye inanichosha ni mbolea. Mutu anamwanga mavi ya kuku kila wiki, kiisha analia kama kuko majani tu, maua hakuna. Ni wewe umetaka majani! Udongo ya kawaida ya lupango inatosha, jua ya masaa 6 ao zaidi kwa siku, na uvumilivu ya miezi mbili, tatu hivi. Na maua kujifunga saa sita haiko ugonjwa wala haiko mutu amekutumia kitu. Ua moja inaishi asubui moja tu, kesho ingine inafunguka. Ile ya bleu, Ipomoea tricolor, ukiangalia kabla jua haijatoka utaona kichipukizi yake iko na rangi ya kuelekea zambarau nyekundu, kiisha inakuwa bleu safi ikifunguka, juu asidi ndani ya petali inapunguka. Ni kemia tu.

Sasa mambo yenye inatuhusu sisi ku servisi. Volubilisi na kiazi tamu ni ndugu wa damu, zote ni Ipomoea. Kwa hiyo magonjwa yao mingi ni moja. Virusi zenye zinakunja na kudumaza majani ya matembele zinaweza kukaa mu volubilisi, na kale kanzi keupe na vidukari njo zinazibeba kutoka mumea moja mpaka ingine. Kidudu ya kiazi, ile Cylas yenye inatoboa kiazi mpaka inakuwa chungu na kunuka, nayo inajificha ku ndugu za kiazi pale shamba imeshavunwa. Mutu anavuna vyote, anasafisha udongo, anaazima mbegu safi, mwaka ingine kidudu inarudi, anashangaa imetoka wapi. Imetoka ku ukuta yako ya maua. Kwa hiyo kama muko na matembele mu lupango, ao jirani iko nayo, chagua maua ingine. Sisemi volubilisi ni marufuku, batu basinisikie vibaya. Ninasema isikaribiane na kiazi.

Kiisha kuko mambo ya kusambaa. Kila kifuko ya Ipomoea purpurea, aina ingine ya volubilisi, inaweza kubeba mbegu 6, inakauka, inapasuka, na mbegu zinaweza kulala mu udongo miaka mingi. Afrika ya Kusini, kule kamio mingi zinatokea, baliiweka ku liste ya mimea vamizi, hata kuiuzisha haikubaliwe. Kata vifuko pale vinaanza kuwa rangi ya udongo, mbele vipasuke.

Kuhusu kuleta mbegu kutoka inje. Banatuambia: "Ni maua tu, haiko chakula." Mupaka hauangalie kama unakula ao hukule, unaangalia kama ni mumea. Njia ni hii: mbele ya kununua, unaomba permi ya kuingiza mimea ku Servisi ya Karantini ya Nyama na Mimea (SQAV), unaandika jina ya mumea, wingi, inchi inatoka na fasi itaingilia. Ukiipata, unaituma kwa mwenye kuuzisha. Yeye anaomba sertifika ya fitosaniteri, papie yenye inaonyesha mumea haina magonjwa na vidudu, ku servisi ya inchi yake, siyo ku duka. Ile sertifika ni ya muzigo ile tu. Ya mwaka jana haifanye kazi, ya rafiki yako haifanye kazi, foto mu telefone haifanye kazi, tunataka orijinali. Ku mupaka anspekta anafungua, anaangalia, anaweza kuchukua kidogo kwa labo. Papie ikikosa, muzigo inaweza kushikwa, kurudishwa ao kuchomwa, na gharama ni ya mwenye muzigo. Kubishana na anspekta hakubadirishe kitu, na shofere kusema "sijue ni ya nani" inafanya mambo kuwa mrefu zaidi. Kwa ile yote, mbegu ya mu miji iko, omba jirani mwenye nayo.

Neno moja kwa bazazi: ile mbegu haikuliwe. Iko na sumu yenye inatapisha na kuvuruga akili, na kwa mama mwenye mimba ni hatari zaidi. Vijana benye banasoma upuzi ku intaneti na kutafuna mbegu, ile ni mambo ya hopitali.

Na kama uko na sashe ya zamani yenye hautaki tena, usiimwange mu mufereji, mvua itaipeleka mpaka ku mabustani ya chini. Chemsha mbegu kwanza, kiisha utupe.