Kigari cha kugeuza karafuu: yasemwayo barazani na mambo yalivyo

Watu wakisikia unaunda roboti hapa Wete, swali la kwanza ni lile lile: "Ina kichwa?" Haina. Ni kigari cha magurudumu manne chenye reki mbele, kazi yake kupita juu ya jamvi na kugeuza karafuu zilizoanikwa. Wengi hugeuka wakaenda zao.

Dhana ya kwamba roboti lazima ifanane na binaadamu ni kongwe, na jina lenyewe limechangia: lilitoka kwenye tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920, ambamo roboti ni watu wa kutengenezwa. Lakini Unimate, roboti ya kiwandani iliyoanza kazi mwaka 1961 kwa kampuni ya magari ya General Motors huko New Jersey, Marekani, ilikuwa mkono mtupu. Ilikuwa ikitoa vipande vya metali ya moto kwenye mashine. Kichwa cha nini? Miguu miwili nayo hutaka mota nyingi na hesabu zisizokwisha ili isianguke. Jamvi ni bapa, magurudumu yanatosha. Yawe mapana tu, maana membamba huziponda karafuu.

"Basi tia mota kubwa, umalize kazi." Hapa ndipo vijana wanapomaliza pesa. Mota kubwa hutaka betri kubwa, betri huongeza uzito, uzito hutaka mota kubwa zaidi, na ukishaingia humo hutoki. Anza na kazi yenyewe. Karafuu mbichi zikikauka hupoteza kama thuluthi mbili za uzito wake, kwa hiyo reki inayoteleza siku ya nne yaweza kukwama siku ya kwanza. Pima siku ya kwanza. Mimi niliivuta reki kwa mizani ya ndoana, ikasoma kilo 2. Reki iko sentimita 20 kutoka kwenye mhimili wa mota: 2 mara 20, nguvu ya kuzungusha ya kilo-sentimita 40. Ukinunua mota iliyoandikwa 40 umeliwa, kwa sababu mara nyingi namba hiyo ni kikomo chake, pale inapokwama kabisa. Na mota iliyokwama ndiyo inayokula umeme mwingi kuliko wakati wowote, mpaka waya zake za ndani zikaungua. Nilichukua ya 100.

Betri ni ile ya kengele za wizi: volti 12, ampea-saa 7, yaani wati-saa 84. Kigari kikila wati 40, karatasi inakupa saa mbili. Lakini betri hii ni ya madini ya risasi, na ukiikamua hadi mwisho kila siku haidumu, kwa hiyo mimi huhesabu saa moja. Karafuu hazigeuzwi mfululizo. Saa moja ni nyingi.

Akili bandia? Kigari kina saa ya kuhesabia dakika na sensa mbili, yaani vifaa vya kuhisi: ya mvua na ya vitu vilivyo mbele, basi. Mvua ikidondoka kinapiga king'ora, na kuanua kunabaki kazi ya watu kama zamani.

Kuna wanaodhani chumvi ni shida ya vyombo vya baharini peke yake. Kaza skrubu ya chuma kwenye bodi ya alumini, uiache kwenye upepo wa pwani: alumini ndiyo italiwa. Washa ya plastiki katikati inasaidia.

La mwisho ndilo lililonitia hofu. "Si ina sensa? Itaona." Sensa ya bei nafuu hutoa sauti tusiyoisikia, kisha ikangoja mwangwi. Ukuta wa mawe huurudisha vizuri. Kanga laini na manyoya ya kuku huimeza sauti. Maana yake kigari kingesimama mbele ya ukuta na kumgonga bibi yangu. Nikaongeza bampa yenye swichi, ikiguswa tu mota zinazima, na kitufe kikubwa chekundu cha kuzimia kila kitu. Kitufe nilikiweka ubavuni, kwa uzuri. Bibi akakitazama. "Mjukuu wangu, mgongo huu nao uinamie kitufe?"

Sasa kiko juu ya kijiti, usawa wa mkono wake.