Isoflavoni: soya ikishaingia tumboni

Isoflavoni ni kemikali za asili za mimea ya jamii ya kunde, na katika vyakula vya kawaida hakuna kinachozibeba kwa wingi kama soya. Kuu ni jenisteini na daidzeini. Umbo lake linafanana kiasi na la estrojeni, homoni ya kike, na hapo ndipo ilipoanzia hofu kwamba soya huwavuruga wavulana na wanaume homoni zao. Hapa Malindi, mama akisaga unga wa uji wenye soya hakosi wa kumwambia, "Mtoto wa kiume usimpe hiyo." Anastahili jibu zuri zaidi.

Ndani ya soya, isoflavoni nyingi zimeshikana na glukosi, na zikiwa hivyo ni vigumu kupenya ukuta wa utumbo. Kwanza vimeng'enya vya utumbo mwembamba, pamoja na bakteria, huikata hiyo sukari. Zikishapenya, seli za utumbo na ini huzifunga upya kwa asidi ya glukuroniki au salfeti ili ziyeyuke majini. Karibu zote zinazozunguka kwenye damu ni hizi zilizofungwa, na nguvu yake ya kuiga homoni ni ndogo mno. Baadhi hurudi utumboni pamoja na nyongo, zikafunguliwa na kufyonzwa tena. Nyingi hutoka kwa mkojo ndani ya siku moja au mbili. Na kwa wanaume watu wazima, majaribio yaliyojumlishwa pamoja hayakuonyesha soya ikishusha testosteroni.

Linalonivutia zaidi liko kwenye utumbo mpana. Huko bakteria fulani huigeuza daidzeini kuwa ekwoli, ambayo hushikana na vipokezi vya estrojeni (sehemu za seli zinazoipokea homoni hiyo) kwa nguvu kuliko daidzeini yenyewe. Seli zetu haziwezi kuitengeneza. Ndugu wawili wa nyumba moja wakila soya ile ile ya mchuzi wa nazi, mmoja anaweza kuwa na ekwoli tele na mwenziwe asiwe nayo kabisa, kwa kuwa bakteria wao si wamoja. Katika nchi za Magharibi wanaoitengeneza ni kama asilimia 25 hadi 30 ya watu wazima. Japani hufika nusu au zaidi. Watafiti wengi wanaona hii ni sababu mojawapo ya matokeo ya tafiti za soya kupingana.

Kipimo cha kujua kama mtu hutengeneza ekwoli ni chepesi: mtu hula soya siku tatu mfululizo, na siku ya nne mkojo wake hupimwa kuona ekwoli ni kiasi gani ikilinganishwa na daidzeini.