Ikoni kwenye desktopu haileti data

"Programu yako ya wavuti, wewe ifunge tu ndani ya Electron, itafanya kazi hata mtandao ukikatika." Nimeambiwa tena, safari hii na mtu anayelipwa kusimamia miradi ya programu. Basi naandika mara moja, atakayefuata nimtumie linki.

Electron, ya kugeuza tovuti kuwa programu ya desktopu, ni Chromium (kivinjari) na Node.js (ya kuendesha JavaScript nje ya kivinjari) kwenye kifurushi kimoja. Ndiyo maana hata kikokotoo kinavuka MB 100. Tauri, ya kazi hiyohiyo, ni nyepesi kwa sababu inaazima kivinjari kilichomo tayari kwenye mfumo, WebView2 kwa Windows. Zote zinakupa dirisha, ikoni, na njia ya kufikia faili na printa. Data hazikupi. Dirisha likifunguka na kwenda kugonga hodi kwenye seva iliyoko ng'ambo, umetengeneza kivinjari cha tovuti moja. Ni sawa na kununua friji ukitegemea ije na samaki.

Sehemu nyepesi naipita haraka: HTML, CSS, JavaScript na fonti viwe ndani ya kifurushi (fonti unayoivuta kutoka Google pia, kila mtu huisahau). Data weka kwenye SQLite, hifadhidata inayokaa kwenye faili moja la kompyuta yenyewe. IndexedDB, hifadhi ya data ya kivinjari, ndani ya kivinjari cha kawaida inaweza kufutwa diski ikijaa, na Safari, kivinjari cha Apple, huifuta mtumiaji akikaa siku 7 za kukitumia bila kuigusa tovuti yako.

Hapo umepata kusoma bila mtandao. Kuandika ni habari nyingine kabisa.

Chukua duka la dawa lenye kaunta mbili. Mfumo unasema kuna boksi 10 za panado. Mtandao umekata. Kaunta ya kwanza inauza 3 na kuandika "zimebaki 7". Ya pili inauza 4, inaandika "zimebaki 6". Mtandao ukirudi, wa mwisho kufika anamfuta mwenzake: mfumo unasema 6, rafu ina 3. Wanaohubiri kwamba aliyeandika mwisho ndiye mshindi hawajawahi kuhesabu stoo. Na mwisho kwa saa ya nani? Kuna kompyuta za kaunta ambazo kabetri ka ubao mama kalishakufa. Umeme ukikatika na kurudi, zinaamka mwaka mwingine.

Kwa hiyo usitume salio, tuma tukio: "imeuzwa 3". Kila tukio lipewe UUID (namba ya kipekee) palepale kaunta, ili likitumwa mara mbili seva ilitambue na kulipuuza. Salio ni jumla tu ya matukio. Likitoka hasi, liache hasi! Naona watu wanaandika msimbo wa kukataa mauzo hayo. Unakataa nini, na dawa mteja ameshaimeza? Hasi inamwambia mwenye duka kwamba hesabu ya mwanzo ilikuwa uongo, au kuna mzigo uliopokelewa bila kuingizwa.

Msiniletee pia navigator.onLine, ile ya JavaScript ya kuuliza kivinjari kama kuna mtandao. Hiyo inasema ndiyo ukishashika ruta, hata kama bando liliisha jana. Andika kwenye diski kwanza, kila mara, mtandao uwepo usiwepo, halafu foleni ijitume yenyewe inapoweza. Hapo swali la "tuko hewani?" linabaki la kuchora ile taa ndogo ya kijani kwenye skrini.

Malipo ya M-Pesa: ujumbe ukiingia kwenye simu ya duka, sawa. Ukionyeshwa kwenye simu ya mteja, mfumo uandike "inasubiri uhakiki", hata akinuna.

Kinachonikosesha raha ni kuingia kwenye mfumo. Keshia aliyefukuzwa asubuhi bado anaingia kwenye kompyuta isiyo na mtandao, kwa sababu haijapata habari. Tokeni (kibali cha kuingia kinachotunzwa kwenye kompyuta) ikifa haraka, duka linafungwa siku ya kwanza mtandao ukizingua. Ikidumu, mwizi ana nafasi. Muda ninaouweka ni wa kukisia, na sijaona fomula ya mtu mwingine inayonishawishi. Siku hizi namwachia mwenye duka auchague mwenyewe, kwa maandishi.