Picha iliyopita WhatsApp haijazi kurasa mbili

"Mbona kwenye simu inaonekana vizuri?" Mimi hutengeneza vitabu vya picha, na swali hilo nalisikia kila msimu wa harusi picha ikitoka na ukungu kwenye karatasi. Karibu kila mara picha inayobishaniwa imetolewa kwenye kundi la WhatsApp la kamati.

Kioo cha simu kina upana wa sentimita 7 hivi. Picha yoyote ikiwekwa humo inaonekana safi. Kitabu cha picha kinashikwa mkononi na kutazamwa kwa karibu, ndiyo maana tunataka pikseli 300, yaani vinukta vinavyounda picha, kwa kila inchi. Ukurasa wa A4 peke yake unakula pikseli 2480 kwa 3508. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa, mara nyingi upande wake mrefu ukabaki na pikseli 1600 hivi. Hizo zinatosha sentimita 13 na nusu. Halafu mteja anataka picha hiyohiyo itandazwe kurasa mbili za A4, sentimita 42! Hapo hatufikishi hata pikseli 100 kwa inchi. Kope hazionekani, shanga za gauni zinakuwa ukungu, na pembezoni mwa nywele kunatokea vijimraba, kwa kuwa faili lenyewe nalo limebanwa upya. Skrinishoti ya status ndiyo usiniletee kabisa.

Linaloniuma ni kwamba picha halisi ipo, iko kwenye simu ya mdogo wake bibi harusi. Simu ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4032 kwa 3024, inayojaza A4 nzima bila shida. Kwa hiyo usiilaumu simu. Mpigie aliyepiga, mwambie aitume kama dokumenti, au aiweke Google Drive akupe linki, au alete flashi. Chaguo la HD linasaidia, ila nalo linabana. Dokumenti inafika kama ilivyotoka. Na fanya hivyo wiki ileile ya shughuli, kabla mtu hajafuta picha kupata nafasi au simu haijaibiwa daladalani.

"Basi ikuze kwenye kompyuta." Hapana. Kubadilisha namba ya pikseli kwa inchi kutoka 72 kuwa 300 hakuongezi pikseli hata moja, kunabadilisha tu ukubwa wa kuchapia. Programu za akili mnemba zinazokuza picha hujaza kwa kubuni. Kwenye maua ya ukumbini sina neno. Kwenye uso wa marehemu baba sikubali, maana macho yanaweza kutoka ya mtu mwingine, na watoto wake watayaona. Kwa kitabu cha kumbukumbu ya mzazi, leta ile picha ya karatasi iliyoko kabatini. Ya sentimita 10 kwa 15 ikiskaniwa kwa pikseli 600 kwa inchi inatoa pikseli 2362 kwa 3543, karibu sawa na A4. Usiipige kwa simu chini ya taa ya sebuleni. Mng'ao wa taa utakaa usoni pake na hautoki.

Mengine ni mafupi. Wanaosema tumechapa giza wanasahau kwamba kioo kinatoa mwanga wake, karatasi haina. Shusha mwangaza wa simu hadi nusu kabla hujaidhinisha kurasa. Na ngozi nyeusi iliyopigwa jioni chini ya hema inyanyuliwe mwanga kidogo kabla ya kuchapa. Fundi asiyefanya hivyo hajamaliza kazi.

Kujaza kila picha kwa sababu umelipia ni kuharibu kitabu chako mwenyewe. Picha kumi na mbili ukurasa mmoja zote zinakuwa stempu. Mimi naomba tatu au nne, na mama mzazi apewe ukurasa wake peke yake.

Kingo pia si salama: kisu cha kusawazishia kurasa hukata milimita 3 kila upande, hivyo vidole na majina viwekwe ndani zaidi.

La mwisho ni uso uliowekwa katikati ya kurasa mbili. Kitabu kilichogundishwa mgongoni hakifunguki chote, mkunjo unameza pua. Anayetaka picha ilale wazi aagize kitabu kinachofunguka bapa, tena aseme mapema kabla sijapanga kurasa, kwa sababu karatasi zake ni nene na idadi ya kurasa hupungua.